Mchuchumio kwenye mchanga wa Tabora: mwongozo kamili wa kubadili kisigino

Kisigino chembamba kilibuniwa kwa ajili ya sakafu. Umbo hili la sindano lilishika kasi miaka ya 1950, mafundi wa Ulaya walipoanza kupitisha chuma katikati ya kisigino ili kisikatike, na waliokivaa wakati ule walitembea juu ya mbao, marumaru na lami. Tabora ukiacha lami ya mjini na kuingia uchochoroni, sakafu imekwisha, umebaki mchanga. Kitchen party iko uani, sendoff iko chini ya turubai lililofungwa juu ya mchanga huohuo, na dada aliyetoka nyumbani na kisigino cha sentimita 9 anaingia ukumbini na sita. Tatu zimezama.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mtu wa kilo 60, na tuseme nusu tu ya uzito wake imetua kwenye kisigino kimoja anapopiga hatua. Ncha ya sindano ina eneo la kama sentimita moja ya mraba, kwa hiyo kilo 30 zote zinabonyeza hapo. Kisigino cha kitako cha sentimita 4 kwa 4 kina eneo la sentimita 16 za mraba, na kila moja inabeba chini ya kilo mbili. Mchanga uleule, mtu yuleyule, kimoja kinazama na kingine kinaacha alama tu.

Nalisema hili mapema kwa sababu maombi mengi yanayofika kwenye meza ya fundi yamekosewa tangu mwanzo. Mteja anasema, "Fundi, nikatie hivi visigino, vinanizamia." Ukikata sentimita mbili, ncha inaongezeka upana kidogo sana, na kiatu kitazama vilevile. Kupunguza urefu kunasaidia mguu unaouma na kifundo kinachoyumba. Dawa ya mchanga ni upana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuvua kisigino cha sindano na kufunga kipana cha mbao ya mninga bila kugusa urefu. Kupunguza nitakuja nako baadaye, kwa wenye sababu nayo.

Kijue kiatu kwanza

Kiatu cha mchuchumio hujengwa juu ya kalibu yenye umbo la mguu uliokwisha kunyanyuliwa. Kalibu ya sentimita 8 hutoa kiatu cha sentimita 8, na kila kitu ndani yake kimepindwa kufuata pembe hiyo. Kati ya soli ya chini na kadibodi ngumu ya ndani kuna upapi wa chuma, mwembamba, umepinda kama mgongo wa paka, kuanzia kwenye kisigino hadi karibu na mahali vidole vinapokunjika. Huo ndio unaobeba upinde wa mguu. Kisigino chenyewe kwa kawaida ni plastiki ngumu iliyovishwa ngozi, na kimeshikwa kwa misumari iliyopigwa kutoka ndani ya kiatu kwenda chini, mara nyingi na skrubu moja katikati. Misumari hiyo huioni kwa sababu imefunikwa na bitana, ile ngozi laini ambayo kisigino chako hukanyaga. Chini kabisa kuna kiraba, kipande kidogo kinachogusa ardhi, kikiwa na pini ya chuma inayoingia kwenye kisigino.

Mahali kisigino kinapokutana na kiatu nitapaita kikalio. Ukishika neno hilo na upapi, mengine yatafuata.

Kabla ya kukubali kazi, pima upapi. Shika ncha ya kiatu, yaani mbele penye vidole, kwa mkono mmoja na kisigino kwa mkono mwingine, kisha jaribu kukunja katikati. Kiatu kizima kinakunjika pale penye vidole tu, na kiunoni, pale katikati palipoinuka, kinagoma. Kikikunjika kiunoni, upapi umevunjika au haukuwapo, na kisigino kipya hakitaokoa kitu, mrudishie mwenyewe. Ndiyo maana kwenye mitumba hupaswi kuangalia rangi kwanza. Kunja kwanza, rangi utaiona.

Kataa pia viatu ambavyo soli na kisigino vimemwagwa pamoja kama kipande kimoja cha plastiki. Havina kikalio wala msumari wa kung'oa. Vinavyofaa kabisa ni vya kisigino cha sentimita 5 hadi 9, bila jukwaa nene mbele, vyenye bitana inayobanduka.

Vya kuandaa

Mninga mkavu, tutaurudia. Msumeno wa mbao na ule wa kukatia chuma, tupa ya mbao, patasi, koleo, kisu butu, bisbisi, drili yenye meno ya milimita 3, jiliwa ukipata. Msasa namba 80, 120 na 240. Skrubu za milimita 35 zenye kichwa bapa, nne kwa jozi, na misumari membamba. Gundi mbili: ya viatu ya njano, na ile ya kuchanganya mirija miwili. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa ukanda mrefu, ambao kwa mji huu wa baiskeli haukosekani. Draya ya saluni. Chaki, penseli na karatasi ngumu.

Chora kabla ya kung'oa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ikirukwa hairudi. Kisigino kikishang'oka, hakuna tena kinachokuonyesha kikalio kilikuwa na mwinamo gani.

Simamisha kiatu kwenye meza tambarare, kisigino cha zamani kikiwa bado mahali pake. Kama kiraba kimelika, kwanza weka kipande cha kadibodi chini yake hadi urefu wake wa asili urudi. Viatu viwili vya jozi moja vikitofautiana hata milimita 2, fuata kilicholika kidogo. Simamisha karatasi ngumu ubavuni mwa kiatu, igusane na meza, halafu chora umbo la kiatu kuanzia nyuma hadi kiunoni. Ukingo wa chini wa karatasi ndio ardhi. Weka alama mahali ukingo wa juu wa kisigino unapoanza nyuma na unapoishia mbele, uunganishe kwa mstari. Mstari huo ndio mwinamo wa kikalio, na pembe kati yake na ardhi ndiyo siri yote ya kazi hii.

Pima na uandike pembeni: urefu wa nyuma, urefu wa mbele, upana wa kikalio, na nafasi iliyopo kati ya ncha ya kiatu na meza. Nafasi ya ncha ni ushahidi utakaokuja kukushtaki au kukutetea mwishoni.

Kuvua kisigino cha zamani

Pasha bitana kwa draya kwa dakika moja au mbili, kuanzia nyuma, hadi gundi yake ilegee. Ingiza kisu butu na uinyanyue taratibu ukielekea mbele, ukiishia kiunoni. Usiikate. Ikunje mbele na uibane kwa kibanio cha nguo.

Sasa utaona vichwa vya misumari, minne au mitano, wakati mwingine sita, na pengine skrubu. Fungua skrubu kwanza. Misumari ya visigino mingi ina pete shingoni ili isichomoke, kwa hiyo usitarajie itoke kwa upole. Chimba pembeni ya kichwa kwa ncha ya patasi ya zamani hadi koleo lipate pa kuuma, kisha vuta ukizungusha. Msumari ukigoma kabisa, ingiza kisu kati ya kisigino na kikalio, tingisha kisigino kushoto na kulia, kitang'oka na misumari itabaki ikining'inia. Igonge kutoka chini irudi juu.

Angalia upande wa mbele wa kisigino. Kwenye viatu vingine soli huteremka hapo kama ulimi na kubandikwa juu ya kisigino. Upashe moto, ubandue, uuache mzima, kwa sababu utarudi kufunika mbele ya kisigino kipya na kazi itaonekana ya kiwandani.

Kadibodi ya kikalio ikiwa imeraruka au imelowa na kuvimba, huu ndio wakati wa kuitibu. Ipake gundi ya kuchanganya ndani ya nyufa, ibane, iache ikauke hadi kesho. Kisigino kizuri kwenye kadibodi mbovu ni kisigino kitakachong'oka katikati ya muziki.

Mninga

Mkoa huu una misitu ya miombo, na mninga wa Sikonge, Urambo na Kaliua umejaza vitanda na makabati ya nchi nzima. Kisigino hakihitaji ubao, kinahitaji mabaki. Pita kwa seremala, mwombe vipande vya miguu ya vitanda au meza, vyenye unene wa sentimita 6 au zaidi. Mninga unasifiwa na maseremala kwa kutopindapinda ukishakauka, na unachongeka bila ugomvi. Chagua sehemu ya moyo wa mti, ile ya kahawia yenye wekundu. Ile nyeupe ya pembeni huliwa na bungua. Na usichukue mbichi: kisigino kilichochongwa kwenye mti mbichi kitasinyaa, na mpaka wake na kiatu utafunguka.

Kipande cha sentimita 4 kwa 4 na urefu wa 7 kina uzito wa gramu 70 hivi kikiwa kikavu. Mguu hautalalamika.

Nyuzi za mbao zisimame wima, kutoka kikalio kwenda ardhini. Zikilala, hatua moja ya pembeni itapasua kisigino vipande viwili kufuata nyuzi. Kusimama kwake kuna gharama: skrubu inayoingia kwa kufuata nyuzi hushika kidogo kuliko inayozikata. Ndiyo maana nimeandika skrubu ndefu, na mbili kwa kila kisigino, na gundi juu yake. Msumari peke yake hapa ni mapambo.

Visigino vyote viwili vitoke kwenye mti mmoja, vikifuatana. Rangi ya mninga hubadilika sana kati ya ubao na ubao, na jozi yenye kisigino kimoja cha asali na kingine cha kahawa haina mnunuzi.

Anza kwa kukata chini pawe tambarare kabisa. Kisha hamisha mwinamo wa kikalio kutoka kwenye karatasi, pande zote mbili za mti, ukitoa unene wa kiraba kwenye urefu, na ukate juu ukiacha milimita 2 za ziada. Juu patafuata umbo la nyuma ya kiatu, kama kiatu cha farasi. Chini patakuwa mraba wa sentimita 4 wenye kona zilizolainishwa. Ukitaka kupunguza hadi tatu na nusu kwa ajili ya urembo, sawa, lakini chini ya hapo umeanza kurudi ulikotoka. Chora mstari wa kushuka wima kutoka katikati ya kikalio: lazima uangukie ndani ya kitako cha kisigino, karibu na katikati yake. Ukianguka nje kwa nyuma, mvaaji atahisi anavutwa kinyumenyume. Ukianguka mbele mno, kisigino hakitabeba uzito sawasawa.

Kikalio cha kiatu si tambarare, kimetumbuka kidogo, kwa hiyo juu ya mti panahitaji kubonyea. Hapa chaki inafanya kazi ambayo macho hayawezi. Paka chaki chini ya kikalio cha kiatu, bana kisigino mahali pake, kitoe. Penye alama nyeupe ndipo panapogusa. Paparue hapo kwa patasi au kwa msasa namba 80 uliozungushiwa chupa ya soda. Paka tena, bana tena. Endelea hadi chaki ienee sehemu kubwa ya uso, hasa ukingoni kuzunguka pande zote. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo inayotenganisha kisigino kinachodumu na kile kinacholia "kwii" kila hatua. Gundi haijazi uvivu. Mwanya wa milimita moja ukijazwa gundi tupu utapasuka.

Funika pua na mdomo unapopiga msasa, barakoa au kitambaa. Vumbi la mninga huwasha koo na kifua, na mwenye pumu asikae karibu kabisa.

Kujaribu, kisha kufunga

Bana kisigino kwa skrubu moja bila gundi, weka chini yake kipande cha raba cha unene wa kiraba, na usimamishe kiatu mezani. Sasa mwite yule shahidi: nafasi kati ya ncha na meza iwe ileile uliyoandika. Ncha ikiwa juu zaidi, kisigino ni kifupi. Ikiwa chini, ni kirefu. Bonyeza kikalio kwa kidole gumba kushoto, kulia, mbele, nyuma. Kisiyumbe popote. Kiangalie kutoka nyuma, macho yakiwa usawa wa meza, ili kuona kama kimesimama wima. Kiweke na mwenzake. Makosa yote hurekebishwa sasa kwa tupa, bure. Baada ya gundi yatakugharimu kiatu.

Ikikubali, fuata hivi:

1. Kwaruza kikalio cha kiatu na juu ya kisigino kwa msasa namba 80, futa vumbi lote.
2. Toboa matundu mawili ya milimita 3 kutoka ndani ya kiatu, yaliyopangana mbele na nyuma, yakishuka ndani ya mti. Tumia tundu la zamani kama lipo mahali pazuri. Ukihisi drili inagonga chuma, ni mwisho wa upapi; sogea pembeni, usiutoboe.
3. Changanya gundi ya mirija miwili, paka tabaka jembamba pande zote mbili, kaza skrubu. Zipake nta ya nyuki kwanza kwenye meno, zitaingia bila kupasua mti.
4. Ongeza misumari miwili au mitatu pembeni, ikielekea katikati ya kisigino. Vichwa vyote vizame, usivihisi ukipitisha kidole.
5. Zungusha mpira wa baiskeli kutoka chini ya kisigino hadi juu ya kiatu, kaza, acha siku nzima. Siku nzima, hata kama mteja amekuja kukaa kwenye benchi.

Ulimi wa soli urudishe kwa gundi ya viatu. Gundi hii ina tabia yake: paka pande zote mbili, subiri dakika kumi hadi kumi na tano mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga kwa nyundo. Wanaobandika ikiwa mbichi ndio wanaolalamika kwamba gundi za siku hizi ni feki. Fanyia kazi hiyo mlangoni au chini ya mwembe. Mvuke wake unalewesha na unashika moto, usiwe karibu na jiko la mkaa. Bitana irudishwe mwisho, ukiwa umeweka kipande chembamba cha ngozi juu ya vichwa vya skrubu.

Kiraba

Kwenye kisigino kipana, karatasi ya raba ya fundi viatu ya milimita 5 au 6 inatosha. Kumbuka kuutoa unene wake kwenye urefu wa mti tangu mwanzo. Kata kubwa kuliko kitako, bandika, piga misumari minne mifupi iliyozama, kisha punguza kingo kwa kisu na tupa. Tairi kuukuu linatumika na linadumu, ila raba yake nyeusi huchora vigae vya watu, na lenye nyuzi za chuma litakula kisu chako.

Kwa wanaobaki na sindano, kiraba kiwe cha plastiki ngumu chenye pini. Raba laini kwenye eneo dogo vile husagika, pini ikaitoboa. Ukianza kusikia kiatu kinalia "ko, ko" kwenye vigae, chuma kimeshafika chini: vuta kiraba kwa koleo, gonga kipya chenye pini ya unene uleule, sawazisha kwa tupa. Ni kazi ya dakika chache. Ukichelewa, plastiki ya kisigino chenyewe inalika, na hapo huna tena pa kukishikiza.

Kung'arisha

Msasa 120, kisha 240, ukifuata nyuzi. Rangi ya mninga haihitaji kusaidiwa, na kuipaka vanishi nene ni kuifunika bure. Vanishi ya kisigino hupasuka penye kugongwagongwa. Nta ya nyuki ndiyo yake, na nta kwetu inapatikana kwa wauza asali. Iyeyushe kwenye kikopo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ikishayeyuka, itoe mbali kabisa na jiko ndipo uongeze tapentaini kidogo kidogo hadi ipoe ikiwa laini kama siagi. Paka kwa kitambaa, acha usiku, sugua asubuhi. Rudia mara mbili. Masika itaomba irudiwe, na ni kazi ya dakika tano.

Wapo wanaotaka kitenge badala ya mbao tupu, kilingane na gauni la sare. Inawezekana: kata kipande kwa kufuata karatasi iliyozungushiwa kisigino, mshono ukae upande wa mbele ambako ulimi wa soli utauficha, paka gundi nyembamba ili isivuje juu ya maua, na kingo za chini zikunjwe chini ya kiraba. Kwenye mchanga kitachakaa ndani ya msimu mmoja. Ningekibakiza kwa viatu vya ukumbini.

Na anayetaka kupunguza kweli

Mguu ukiuma, punguza. Lakini ukumbuke kalibu: upapi umepindwa kwa urefu fulani, na ukishusha nyuma, mbele inanyanyuka. Ncha inatazama juu, chini ya vidole panabaki duara, na kisigino kinaonekana kimejiingiza chini ya mguu kama mtu anayechuchumaa. Mwisho wangu ni sentimita moja na nusu, kwa kiatu cha sentimita 7 na kuendelea. Vifupi zaidi, moja tu. Anayetaka kutoka tisa kwenda tano anahitaji kiatu kingine, na ni heshima kumwambia hivyo kabla ya kupokea hela yake.

Kuna jaribio lisilogharimu kitu. Mwambie mama avae kiatu chake, na umwekee ubao wa unene unaotaka kukata chini ya sehemu ya vidole, viatu vyote viwili, visigino vikibaki chini. Kunyanyua mbele kwa sentimita moja ni sawa na kushusha nyuma kwa sentimita moja. Asimame dakika chache. Akihisi kiunoni mwa kiatu pamemwachia mguu, au kisigino chake kinachomoka, usikate. Akisema, "Hapo ndipo nilipopataka," endelea.

Ubao huohuo utakuchorea mstari. Kosa la kawaida ni kukata sambamba na kitako cha zamani: kiatu kikishuka, ukingo wa nyuma unagusa ardhi na wa mbele unaning'inia. Nyuma lazima ikatwe zaidi. Toka mahali vidole vinapokunjika hadi katikati ya kisigino kuna kama sentimita 15. Ukishusha moja na nusu, kila sentimita ya umbali huo inashusha milimita moja. Kisigino chenye kina cha sentimita 4 kitakatwa milimita 13 mbele na 17 nyuma. Hesabu ikikuchosha, weka ubao chini ya vidole, kisigino juu ya meza, chukua ubao mwingine wa unene uleule, laza penseli juu yake na uizungushe kisigino chote. Mstari utakaotokea una mwinamo sahihi bila kujumlisha chochote. Umechora ardhi mpya. Kiraba kipya nacho kina unene, kwa hiyo chora mstari wa pili juu ya huo kwa kiasi hicho, na ukate kwenye wa pili.

Zungushia tepu ya karatasi ya mafundi rangi kabla ya kukata, ili ngozi isiraruke. Plastiki ikate kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, polepole, maana ukiharakisha inayeyuka na kushika meno. Kwenye sindano utakutana na mrija wa chuma katikati. Upitie tu, ndio utakaopokea pini. Tundu likiwa limelegea, zungushia pini uzi uliolowa gundi ya mirija miwili. Kingo za ngozi zipakwe tone la gundi kabla ya kutoa tepu. Kwa kuwa sindano hupanuka kadiri unavyopanda, kiraba cha zamani hakitatosha. Nunua kikubwa ukipunguze kwa tupa.

Kuongeza urefu sikushauri zaidi ya milimita 4, na hiyo ni kwa kiraba kinene tu.

Baada ya kuvaliwa mara mbili tatu, kiatu kilichofungwa kisigino kipya kirudi kwa fundi. Bitana inyanyuliwe nyuma kidogo, skrubu zikazwe robo mzunguko kama zimelegea, na ukingo wa kikalio uangaliwe kwa kucha kama kuna mwanya. Visigino vya zamani vifungwe kwa uzi na kukabidhiwa mwenyewe pamoja na ile karatasi ya mchoro, kwa sababu viatu vya jozi nyingine alizonazo huenda vilitoka kwenye kalibu ya urefu uleule, na safari ijayo nusu ya kupima itakuwa imeshafanyika.